Vichekesho vya kimya uani: mwongozo wa fundi cherehani

Kipimo changu cha filamu ya kuchekesha ni mguu. Nashona kwa cherehani ya miguu hapa Ngamiani, Tanga, na simu yangu huegemea kopo la vifungo mezani. Cherehani ikishakolea, maneno ya kwenye simu siyasikii. Filamu inayoishi kwa maneno inapita pembeni bila kunigusa. Ile inayonisimamisha mguu, nikaacha mshono katikati nikacheka peke yangu mpaka mteja akachungulia mlangoni, hiyo naiandika ukurasa wa mwisho wa daftari la vipimo. Ukurasa huo sasa umejaa filamu za watu waliofariki kabla sijazaliwa, na nyingi kati yake hazina sauti ya mtu hata moja.

Likizo za shule nazionyesha uani kwetu, kwenye kitambaa, na watazamaji ni wa kila namna: watoto wa jirani, vijana wanaoanza kwa kusema "ya kizamani hiyo", mume wangu, na mama mkwe, ambaye kwake ucheshi ulizaliwa na Mzee Majuto na ukazikwa naye mwaka 2018. Kuwachekesha wote usiku mmoja kunawezekana, ila kuna mpangilio wake. Wengi huharibu shughuli kwa kuanza na filamu ndefu iliyosifiwa sana. Watu wanachoka kabla hawajazoea kuangalia picha isiyosema.

Anza na nyumba iliyopinda

Filamu ya kwanza iwe One Week ya Buster Keaton, ya mwaka 1920. Ni fupi, dakika ishirini na kidogo. Maharusi wanapewa zawadi ya nyumba iliyokuja vipandevipande ndani ya masanduku yenye namba; unaunganisha mwenyewe kwa kufuata maelekezo. Hasidi mmoja aliyekosa mke anabadilisha namba za masanduku. Nyumba inasimama, lakini mlango uko juu hewani na ukuta umekaa mshazari. Upepo ukija, nyumba yote inazunguka na wageni ndani yake. Keaton aliijenga nyumba hiyo kweli na kuiweka juu ya kitu cha kuizungushia. Kwa mtu wa hapa aliyewahi kujenga na fundi anayesema "usijali mama, itakaa sawa", haihitaji ufafanuzi. Mwisho wake una garimoshi, na siusemi, maana hapo ndipo watoto hupiga kelele mara mbili.

Kabla hujawasha, waeleze watu mambo mawili tu kumhusu Keaton. Alizaliwa 1895 kwenye familia ya wasanii wa jukwaani, na tangu mdogo baba yake alikuwa akimrusha huku na huku mbele ya watazamaji, ndiyo maana anajua kuanguka. La pili: hacheki. Aligundua mapema kwamba akicheka yeye, watu hawacheki sana. Akikaza uso, wanavunjika mbavu. Mimi huongeza la tatu kwa sababu ya kazi yangu: ile kofia yake bapa alikuwa akiitengeneza mwenyewe, anakata kofia kubwa ya Stetson kisha anaikausha kwa maji ya sukari ili isilegee. Nimejaribu maji ya sukari kwenye kola ya mtoto. Inakaza vizuri, lakini sisimizi nao wanaipenda.

Baada ya hiyo, kama watoto ni wengi, weka The Music Box ya Laurel na Hardy, ya 1932, iliyopata Oscar ya filamu fupi ya vichekesho. Wanaume wawili wanapandisha piano kwenye ngazi zaidi ya mia na thelathini, na piano haitaki. Humo wanaongea, lakini hata ukizima sauti hupotezi kitu. Kama mtaani kwenu kuna mtu aliyewahi kupandisha kabati la nguo ghorofa ya tatu, mweke mbele.

Kisha ndiyo uje kwenye filamu kubwa

Hapa ndipo nyumba yetu inagawanyika. Mume wangu ni mtu wa Charlie Chaplin. Mimi ni wa Keaton. Nitasema ya kwake kwanza, kwa haki.

Chaplin alivaa lile vazi lake kwa mara ya kwanza mwaka 1914: koti linalobana, suruali pana, kofia ndogo, viatu vikubwa. Mtazame kama fundi. Kila nguo inagombana na mwenzake, na hakuna hata moja iliyomkaa, lakini yeye anatembea humo kama mtu aliyeshonewa. Nusu ya kicheko imeshamalizika kabla hajafanya lolote. Kati ya filamu zake, mume wangu anaanza na Modern Times ya 1936, kwa kuwa alifanya kazi kiwanda cha kamba za mkonge na anaijua ile hali ya mashine kukuamuru. Kuna mashine ya kumlisha mfanyakazi chakula ili asipoteze muda; hindi linamzungukia mdomoni kwa kasi mpaka unamhurumia. Mimi nasubiri sehemu nyingine: amekaza nati mchana kutwa, mikono imekataa kuacha, na mbele yake anatokea mwanamke mwenye vifungo vikubwa kwenye gauni. Anamkimbiza na spana zake mbili ili avikaze. Tangu niione, sijawahi kushona vifungo vikubwa bila kutabasamu.

Ukitaka moja tu ya Chaplin kwa ajili ya wakubwa, chukua City Lights ya 1931. Wakati huo filamu zenye sauti zilikuwa zimeshashika soko kwa miaka kadhaa, yeye akakataa mazungumzo na akaweka muziki alioutunga mwenyewe. Binti kipofu muuza maua anadhani huyu maskini ni tajiri. Kuna mahali binti anataka kuviringisha uzi wa sufu kuwa donge, anashika uzi usio wenyewe, na taratibu anaifumua fulana ya ndani ya Chaplin ikiwa mwilini. Naye anamsaidia, anajinyonganyonga ili uzi utoke vizuri, asimwaibishe. Hapo mguu wangu ulisimama muda mrefu. Mwisho wa filamu hiyo simu zote zizimwe. Mtu akipokea simu dakika ile, mtoe nje hata kama ni shemeji.

The Gold Rush nayo ni nzuri, ile ya kula kiatu kwa njaa, kamba za kiatu zikaliwa kama tambi. Kiatu kilitengenezwa kwa peremende nyeusi. Angalia tu unachukua nakala ipi: ya 1925 ni ya kimya, mwaka 1942 Chaplin aliitoa tena, fupi zaidi, akaisimulia kwa sauti yake kwa Kiingereza. Kwa uani chukua ya 1925.

Harold Lloyd wengi hawamjui kwa jina, ila picha yake wameiona: mtu mwenye miwani ananing'inia kwenye mshale wa saa kubwa juu ya mji. Hiyo ni Safety Last! ya 1923. Miwani haina vioo, ni fremu tupu. Mwaka 1919 bomu la kuigizia lililipuka mkononi mwake, akapoteza kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kulia. Humo anapanda ukuta akiwa amevaa glavu ya kuficha pengo hilo. Vijana waambie hili kabla hajaanza kupanda. Lakini kwangu mimi utamu unaanza mapema zaidi, kwenye duka la vitambaa anakofanya kazi. Siku ya punguzo, wanawake wamejaa kaunta, kila mmoja anavuta jora upande wake. Yeyote aliyeuza vitenge siku mbili kabla ya Idi atamfahamu yule kijana kwa undani.

Sasa Keaton wangu. Steamboat Bill, Jr. ya 1928 ndiyo yenye kimbunga: ukuta mzima wa mbele ya nyumba unaanguka juu yake, yeye amesimama tu, na dirisha dogo la juu linampita kama shingo ya kanzu inavyopita kichwani. Ukuta ule ulikuwa wa kweli, uzito unaotajwa ni tani mbili hivi, na nafasi iliyobaki pembeni yake ilikuwa ya inchi chache. Hapakuwa na kompyuta ya kudanganyia. Baadhi ya watazamaji wangu hawaamini mpaka niirudishe nyuma, na mimi huirudisha kwa furaha.

Juu ya zote naweka Sherlock Jr. ya 1924, dakika arobaini na tano tu. Keaton ni kijana anayeendesha mashine ya sinema. Analala kazini, na ndotoni anaingia ndani ya pazia, kwenye filamu yenyewe. Picha ikibadilika, naye anajikuta ameketi bustanini, mara katikati ya barabara, mara jangwani, mara baharini. Kwa ajili ya majirani wangu hiyo peke yake ingetosha. Ila kuna tukio la gauni. Ameshikwa na majambazi ndani ya nyumba. Mwenzake nje ameweka dirishani kasha la duara lenye nguo za bibi kizee. Keaton anaruka kwa kichwa kupitia dirishani, na anapotua upande wa pili ameshavaa gauni na kofia, anatembea zake kama ajuza. Ukuta umekatwa ili tuone ndani na nje kwa wakati mmoja, na kamera haikatizwi. Nimelitazama tukio hilo polepole kwa macho ya kazi. Naamini gauni lilikuwa wazi nyuma, limetandazwa ndani ya duara na kushikizwa kwa nyuzi hafifu zinazokatika kwa uzito wa mwili. Mikono ndiyo inanishinda. Mikono inaingiaje? Humohumo ndani ya filamu, maji ya tangi la reli yalimwangukia yakamtupa relini. Miaka mingi baadaye daktari alimwonyesha kwenye eksirei kwamba siku ile alivunjika mfupa wa shingo.

Mume wangu husema Keaton hana machozi. Namwambia mimi machozi ninayo ya kwangu, nimekuja kucheka.

Zipitie kwanza peke yako

Hili si la kuruka. Filamu za wakati ule zilitengenezwa na Wamarekani weupe wa wakati ule, na kuna mahali zinatuchezea sisi. Seven Chances ya Keaton, ya 1925, ina kukimbia chini ya mlima huku mawe yakiporomoka nyuma yake, kukimbia bora kabisa niliyowahi kuona. Lakini ina mzungu aliyepakwa rangi nyeusi kuigiza mtumishi, na mzaha mchafu juu ya wanawake weusi. College ya 1927 nayo ina Keaton mwenyewe aliyejipaka masizi. Hizo siziweki uani. Nazitazama mwenyewe, na nikifika hapo nasonya.

The General ya 1926 ni mtihani wa namna nyingine. Ni dereva wa garimoshi anayefukuzia injini yake iliyoibwa, kisha anakimbizwa akiwa nayo kurudi, na kila mzaha wa kwenda una jibu lake wakati wa kurudi. Injini ya kweli ilitumbukizwa mtoni kutoka kwenye daraja linaloungua. Lakini shujaa wake yuko upande wa majimbo ya Kusini mwa Marekani, yale yaliyopigana kutetea utumwa, na filamu haisemi neno juu ya hilo. Kwa vijana wa sekondari naionyesha, na nawaambia hivyo kabla. Wanacheka vilevile, na baada ya hapo wanauliza maswali mazuri. Kwa watoto wadogo naiacha.

Na ile ya mjomba wa Kalahari na chupa ya Coca-Cola, The Gods Must Be Crazy ya Jamie Uys, ya 1980? Kila mtu wa rika langu ameiona. Ilitengenezwa Afrika Kusini enzi za ubaguzi, na inawachora Wasan, wenyeji wa Kalahari, kama watu wasiojua dunia ina nini, jambo ambalo N!xau mwenyewe, aliyeigiza, hakuwa hivyo. Lililo bora humo ni Land Rover isiyo na breki: mtafiti anashuka kufungua geti huku gari halitaki kumsubiri, na baadaye gari linajivuta lenyewe kwa waya hadi juu ya mti. Huko Handeni au Pangani, mtu aliyewahi kusukuma Land Rover ya zamani hucheka kwa uchungu.

Nakala, kasi, muziki

Kwa sheria ya Marekani, filamu zilizotolewa kabla ya 1929 zimeshatoka kwenye hakimiliki, na nyingi unazipata bure kwenye tovuti ya Internet Archive. Pakua usiku bando likiwa rahisi, weka kwenye flashi, usitegemee mtandao siku ya shughuli. City Lights, Modern Times na The Music Box zina wenyewe. Nunua au kodi, na usitoze kiingilio.

Kasi ndiyo inayoua filamu za kimya. Kamera za wakati ule zilizungushwa kwa mkono, mara nyingi picha kama 16 hadi 20 na ushee kwa sekunde. Zikipitishwa kwenye mashine ya picha 24, watu wanakimbiakimbia ovyo, na mtoto anadhani kichekesho ni hicho. Kupima nakala, usimwangalie mchekeshaji, maana wao wakati mwingine walijiharakisha makusudi. Mwangalie mpita njia nyuma yake. Akitembea kama mtu anayekwenda sokoni, nakala iko sawa. Akiruka, tafuta nyingine.

Muziki wa nakala za bure mara nyingi ni piano iliyobandikwa bila kujali kinachotokea. Zima. Zamani kila ukumbi ulikuwa na mpigaji wake, kwa hiyo kubadilisha si dhambi. Mimi huweka ala tupu za taarabu, udi na fidla, bila mwimbaji, kwani mwimbaji atawavuta watu kwenye mashairi wamsahau Keaton. City Lights usiiguse, muziki wake ni sehemu ya filamu.

Kwa vile vibao vya maandishi vinavyokatiza picha kueleza maneno, chagua msomaji mmoja kabla, mtoto wa darasa la sita au la saba, avitafsiri kwa sentensi moja moja. Asiongeze. Sisi tumelelewa na wasimulizi wa vibanda vya video. Lufufu huku kwetu na DJ Afro kule Kenya waliwafanya watu wasiojua Kiingereza waipende filamu yoyote, na nawaheshimu. Lakini kichekesho cha kimya ukikisimulia umekimaliza. Anayesema "sasa ataanguka, mtaona" apewe kazi ya kukaanga bisi.

Kitambaa na giza

Shuka la kawaida linapitisha mwanga, nusu ya picha inakwenda ukutani. Chukua merikani nzito iliyopaushwa, au shona bafta mbili pamoja, mshono ukae kwa ulalo juu kabisa, usipite katikati ya nyuso. Piga upindo mpana juu na chini. Wa juu pitisha kamba, wa chini pitisha bomba la plastiki lenye mchanga, upepo wa baharini usikifanye tanga. Pasi ipitishwe siku hiyohiyo; kunyanzi moja tu, Chaplin anapata kovu.

Projekta ndogo za bei rahisi zinahitaji giza kamili, basi anza baada ya Isha. Taa ya uani izimwe, ya jikoni ibaki ili watu wasijikwae. Watoto mkekani mbele, wazee kwenye viti kando, karibu na njia. Spika iwe upande wa kitambaa, si upande wa mashine. Dawa ya mbu mapema. Umeme ukikatika katikati, usiwatawanye: mwambie msomaji wako aigize alichokiona, na mara nyingi hapo ndipo mama mkwe hucheka kwa mara ya kwanza.

Filamu fupi mbili na ndefu moja zinatosha kwa usiku mmoja. Acha mapumziko ya kunywa chai kabla ya ile ndefu.

Ninazoziacha nje

Some Like It Hot ya Billy Wilder, 1959, ndiyo iliyowekwa ya kwanza na Taasisi ya Filamu ya Marekani mwaka 2000 kati ya vichekesho 100 vya nchi hiyo. Wapiga muziki wawili wanavaa nguo za kike kuwakimbia majambazi. Nguo zake zilibuniwa na Orry-Kelly, zikapata Oscar, na kwa haki kabisa: zimekaa kwa Marilyn Monroe na zimekataa kukaa kwa wale wanaume kwa kiwango kilekile cha ufundi. Naipenda. Ila nusu ya utamu uko mdomoni, kwa Kiingereza cha haraka, na uani kwetu hauvuki. Itazame na dada yako, sauti juu, cherehani imefunikwa.

Jacques Tati wa Ufaransa, hasa Mon Oncle ya 1958, ni mtamu kwa mtu mzima aliyetulia usiku wa mvua. Watoto hulala. Wanaomjua Mr. Bean waambie kwamba Rowan Atkinson amejifunza mengi kwa Tati, labda watavumilia robo saa.

Na yule mzee ambaye baada ya yote bado amekunja uso, anasema hawa wazungu hawana maneno? Usimlazimishe. Mwekee Mzee Majuto dakika kumi za mwanzo acheke, maana yeye uso wake peke yake, kabla hajafungua kinywa, ulikuwa unatosha; kisha bila kumwambia weka ile ya Land Rover. Keaton mwache kwa Jumamosi inayofuata, na aanze na nyumba iliyopinda.